Magic: The Gathering: namna ya kumaliza ubishi wa sheria mezani

Kila nikikaa na wachezaji wapya, maswali ni yale yale. "Mchawi wangu kauawa kabla pigo lake halijafika, sasa pigo linahesabika?" "Nilikinga kwa kiumbe, kiumbe kikaondolewa. Kipigo kinanifikia?" "Kadi hii imeandikwa haiharibiki, mbona imekufa?" Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno. Safari hii nayaandika, ili ukikwama uwe na pa kushika.

Huu si mwongozo wa kujifunza mchezo wa kadi wa Magic kutoka sifuri. Nachukulia umeshacheza mechi mbili tatu: unajua ardhi zinatoa mana (nguvu ya kulipia kadi), viumbe vinashambulia, na anayefika uhai 0 ameshindwa. Ninachotaka ushike ni kwamba ubishi mwingi wa mezani huanzia pale mtu aliporuka hatua moja kimyakimya. Ukizitaja hatua zote kwa sauti, jibu mara nyingi hujitokeza lenyewe.

Karata zetu za mtaani zimetuzoesha vingine. Lasti kadi ya mtaa huu siyo ya mtaa ule. Mnakubaliana kabla ya kugawa, mnacheza. Magic, iliyobuniwa na Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, ina kitabu kimoja cha sheria kwa dunia nzima, chenye kurasa zaidi ya 200. Huna haja ya kukisoma chote. Hatua nane zilizo hapa chini zinatosha kwa mechi nyingi za nyumbani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Deki mbili za kadi 60, za kawaida tu. Kila mchezaji anaanza na uhai 20 na kadi 7 mkononi.
- Kadi chache za mazoezi: Grizzly Bears (kiumbe cha 2/2, yaani nguvu 2 na uimara 2), Lightning Bolt (kipigo cha 3), Giant Growth (inaongeza +3/+3 hadi mwisho wa zamu) na Prodigal Sorcerer (mchawi wa 1/1 anayelazwa ili atoe kipigo cha 1). Kama huna, andika maneno yake kwenye vikaratasi. Kwa mazoezi ya nyumbani inatosha kabisa.
- Dadu au punje za mahindi za kuhesabia, na karatasi ya kuandikia uhai. Usihesabu uhai kichwani.
- Simu yenye intaneti, kwa ajili ya Gatherer, hifadhi rasmi ya kadi zote yenye maneno yake ya sasa na ufafanuzi wake.

Maneno nitakayotumia: *kulaza* kadi ni kuigeuza ubavu kuonyesha imetumika. *Rundo* ni mahali ambapo kadi na uwezo husubiri kabla ya kufanya kazi. *Makaburi* ni kadi zako zilizokufa au kutumika. Kadi nyingi utakazoshika zimechapishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno muhimu nitayataja kama yalivyo kwenye kadi, uyatambue ukiyaona.

Hatua kwa hatua

1. Soma kadi yote kwa sauti.

Isome yote, hata kama unaijua. Sheria ya kwanza ya Magic ni kwamba maneno ya kadi yakipingana na kitabu cha sheria, kadi inashinda. Ya pili: kadi moja ikisema jambo linaruhusiwa na nyingine ikisema haliwezekani, katazo linashinda. Ubishi wa aina hiyo unaishia hapo.

Tahadhari: kadi ya zamani inaweza kuwa na maneno yaliyokwisha kubadilishwa. Lightning Bolt nyingi za zamani zinasema inapiga kiumbe au mchezaji. Tangu 2018 maneno rasmi ni "any target", yaani inaweza kupiga "planeswalker" (kadi ya mshirika anayekaa mezani na kukusaidia) pia. Anayeshika kadi ya zamani na anayeshika mpya wanacheza kadi ile ile, na yanayohesabika ni maneno yaliyo Gatherer.

2. Tenganisha gharama na matokeo.

Tafuta nukta mbili katikati ya sentensi. Kilicho kushoto ni gharama. Kilicho kulia ni matokeo. Gharama inalipwa papo hapo na hakuna anayeweza kuiingilia. Matokeo ndiyo yanayokwenda kwenye rundo kusubiri.

Sasa turudi kwa yule mchawi. Umemlaza Prodigal Sorcerer umpige mpinzani kipigo cha 1. Mpinzani anajibu kwa kumuua. Mchawi anakwenda makaburini, lakini pigo linabaki kwenye rundo na litafika. Jiwe likishatoka mkononi, kumpiga aliyelirusha hakulirudishi.

Hapa pia ndipo penye swali la kiumbe kigeni. Kiumbe kilichoingia mezani zamu hii hakiwezi kushambulia, wala hakiwezi kulazwa kulipia uwezo wake wenyewe wenye alama ya kulaza. Llanowar Elves akiingia sasa hivi hakupi mana mpaka zamu yako ijayo. Ila uwezo usio na alama hiyo unaweza kuutumia papo hapo, na kiumbe kigeni kinakinga kama kingine chochote. Hilo la kukinga wapya wengi hawalijui, wanakula vipigo vya bure.

Kama sentensi inaanza na "when", "whenever" au "at", huo ni uwezo unaojiamsha. Huulipii, tukio likitokea nao unapanda kwenye rundo.

3. Jengeni rundo mezani, kwa mikono.

Kama utafanya hatua moja tu katika hizi, fanya hii. Kila kadi inayochezwa iwekwe katikati ya meza, inayojibu iwekwe juu yake. Kisha mnaulizana: "Una jibu?" Wote wawili wakisema hapana mfululizo, ya juu kabisa inafanya kazi kwanza. Aliyekuja mwisho anahudumiwa kwanza, kama sahani zilizopangwa jikoni.

Mpwa wangu alikuwa na Grizzly Bears mezani. Mimi nilikuwa na ardhi moja nyekundu imesimama (haijalazwa) na Lightning Bolt mkononi. Kabla hajashambulia akacheza Giant Growth juu ya dubu, uso umechangamka. Nikaweka Lightning Bolt juu ya Giant Growth yake.

"Mjomba, lakini nimeshamkuza! Ni 5/5!"

Bado. Giant Growth ilikuwa chini, ikisubiri. Lightning Bolt ilikuwa juu, ikafanya kazi kwanza, ikamkuta dubu akiwa 2/2. Akafa. Giant Growth ilipofikiwa haikuwa na dubu wa kumkuza, ikaenda makaburini bila kufanya chochote. Kadi mbili zake kwa moja yangu.

Tukarudia kadi zile zile, safari hii kwa mpangilio mwingine. Yeye akatulia. Mimi nikacheza Lightning Bolt juu ya dubu, yeye akajibu kwa Giant Growth. Sasa Giant Growth iko juu: dubu anakuwa 5/5 kwanza, kipigo cha 3 kinafika, dubu anasimama. Tangu siku hiyo hatangulii kukuza kiumbe mbele ya ardhi iliyosimama.

Mambo matatu ya kuangalia hapa:

Rundo halimalizwi lote kwa mkupuo. Kila kitu kimoja kikishafanya kazi, wachezaji wote wanapata nafasi tena kabla ya kinachofuata.

Kuweka ardhi mezani hakupiti kwenye rundo, na kulaza ardhi kwa ajili ya mana hakupiti pia. Hakuna anayeweza "kujibu" hayo.

Na swali linalofuata daima: Giant Growth ikiisha mwisho wa zamu, dubu mwenye kipigo cha 3 si atakufa? Hafi. Kipigo kinafutika na ongezeko linaisha kwa wakati mmoja.

4. Uliza: kadi hii inalenga?

Inalenga pale tu penye neno "target". Maneno machache yanayolenga bila neno hilo, kama "enchant" na "equip", yana maelezo yanayolitaja. Penye neno hilo mlengwa huchaguliwa wakati kadi inachezwa, na anaangaliwa tena inapofikia kufanya kazi. Walengwa wote wakiwa hawafai tena, kadi haifanyi chochote. Wakiwa wawili na mmoja bado anafaa, inaendelea kwa huyo mmoja.

Kiumbe chenye "hexproof" hakilengwi na mpinzani. Wrath of God hailengi mtu. Inaharibu viumbe vyote, na chenye "hexproof" kinakwenda na wenzake. Clone nayo hailengi: inaingia ikiwa nakala ya kiumbe chochote kilichopo, hata chenye "hexproof" cha mpinzani. Tena uchaguzi wa nani anakiliwa unafanyika inapoingia, siyo inapochezwa, kwa hiyo mpinzani hawezi kusubiri akishaujua ndipo ajibu.

Diabolic Edict huwachanganya wengi. Inamlenga mchezaji, naye ndiye anayechagua kiumbe chake cha kutoa kafara. "Hexproof" ya kiumbe haimsaidii kitu.

5. Uliza: kiumbe kinakufa kwa njia gani?

Kuna kuharibiwa ("destroy"), kupata kipigo kinachofikia uimara wake, uimara kushuka hadi 0, na kutolewa kafara ("sacrifice"). Na kuna kufukuzwa mchezoni ("exile"), ambako si kufa hata kidogo: kiumbe hakifiki makaburini, na uwezo wowote unaoamshwa na kifo hauamki. Swords to Plowshares hufanya hivyo.

"Indestructible" inazuia mbili za kwanza tu. Darksteel Myr ni 0/1 yenye neno hilo. Wrath of God haiigusi. Lightning Bolt haiigusi. "Deathtouch", neno linalofanya kipigo chochote kiue kiumbe, nayo haiiui. Lakini Languish inawapa viumbe vyote -4/-4. Uimara wa Myr unashuka chini ya 0 na inakwenda makaburini, kwa sababu hapo hakuna aliyeiharibu.

Kosa la kila siku: kupunguza uimara kwa sababu ya kipigo. Kiumbe cha 5/5 kilichopata kipigo cha 3 bado ni 5/5, kina alama tatu tu za kipigo. Weka punje tatu juu yake, zitoe mwisho wa zamu.

Ukaguzi wa vifo haupiti kwenye rundo. Mchezo hujikagua wenyewe kila kabla mchezaji hajapata nafasi ya kujibu, na vyote vinavyostahili kufa vinakufa pamoja. Huwezi kukiokoa kiumbe baada ya kipigo kufika. Unajibu kabla, au basi.

6. Pigeni vita kwa vituo, mkivitaja.

Mwanzo wa vita, kutangaza washambuliaji, kutangaza wakingaji, kipigo, mwisho wa vita. Semeni: "Naingia vitani. Nashambulia na hawa. Unakinga?" Makosa mengi ya hapa ni ya kituo.

Unataka kumlaza mshambuliaji asishambulie? Fanya hivyo mwanzo wa vita. Akishatangazwa, kumlaza hakumzuii, atapiga tu.

Mshambuliaji aliyekingwa amekingwa, hata mkingaji akiuawa au kurudishwa mkononi baadaye. Kipigo hakimfikii mchezaji. Isipokuwa mshambuliaji ana "trample": wakingaji wakiondoka wote, kipigo chake chote kinakwenda kwa mchezaji.

"Trample" ikikutana na "deathtouch" hesabu inabadilika, na watu hukataa wakisikia mara ya kwanza. Kwa "trample" ya kawaida, unampa mkingaji kipigo cha kumtosha kufa, kinachobaki kinapita. "Deathtouch" inafanya kipigo cha 1 kiwe kinatosha. Basi mshambuliaji wa 5/5 mwenye maneno yote mawili, akikingwa na 4/4, anampa mkingaji 1 na mchezaji 4.

"First strike" inaleta kituo cha kipigo cha kwanza kabla ya kile cha kawaida. Dubu wawili wa 2/2 wakipambana na mmoja analo neno hilo, mwenzake anakufa kabla hajarudisha.

7. Hesabu nguvu kwa mpangilio: kwanza kinachoweka, kisha kinachoongeza.

Turn to Frog inamfanya kiumbe kuwa chura wa 1/1 hadi mwisho wa zamu na kumnyang'anya uwezo wake. Dubu wa 2/2 ameshapata Giant Growth, ni 5/5. Mpinzani anamgeuza chura. Wengi watasema 1/1, kwa kuwa Turn to Frog imekuja mwisho. Jibu ni 4/4. Kuweka 1/1 kunahesabiwa kwanza, bila kujali kimekuja lini, kisha +3/+3 inapanda juu yake. Punje za +1/+1 (alama za kudumu za kuongeza, siyo zile za kipigo) vilevile: kiumbe chenye mbili kikigeuzwa chura ni 3/3.

Nyuma ya hesabu hii kuna mfumo mzima wa tabaka, na kadi kama Blood Moon na Humility zimewatoa jasho hata majaji. Usianze nao. Mpangilio huu wa hatua mbili utakufikisha mbali.

8. Yakitokea mawili kwa pamoja, mwenye zamu anaweka kwanza.

Kiumbe chako na cha mpinzani vimekufa pamoja, na vyote vina uwezo unaoamshwa na kifo. Mwenye zamu anaweka wake kwenye rundo kwanza, mwingine juu yake. Maana yake wa asiye na zamu unafanya kazi kwanza. Ukiwa na kadhaa vyako mwenyewe, unachagua mpangilio.

Sheria zilizokufa ambazo bado zinatembea

Kama umefundishwa na kaka au binamu aliyeacha kucheza zamani, huenda amekurithisha haya. Hakukudanganya, sheria zimebadilika.

Kipigo cha vita hakiingii tena kwenye rundo tangu 2009, kwa hiyo ile mbinu ya kuruhusu kipigo kipande kwenye rundo kisha kumtoa kafara kiumbe wako haipo. Mwaka huo huo iliondolewa adhabu ya kupoteza uhai kwa mana usiyoitumia. Siku hizi inapotea tu. Kadi yenye neno "legendary" wewe unaweza kuwa nayo moja na mpinzani moja ya jina hilo hilo, tangu 2013. Ukibadilisha kadi za mwanzo, tangu 2019 unachota 7 tena kila mara, kisha unarudisha chini ya deki kadi moja kwa kila mara uliyobadilisha. Na tangu Novemba 2024 mshambuliaji aliyekingwa na wengi hapangi tena foleni ya wakingaji. Anagawa kipigo anavyotaka wakati wa kipigo.

Mkikwama

*Hamkubaliani nani alitangulia.* Rudini mpaka sehemu ya mwisho ambayo wote mnaikubali, pangeni upya rundo, endeleeni kutoka hapo.

*Mwenzako anasema "nakujibu" wakati kadi yako imeshafanya kazi.* Amechelewa. Lakini jiulize kama ulimpa nafasi. Kama ulitupa kadi na kusogeza uhai kwa mkono mmoja, mrudishie nafasi yake.

*Mmegundua kosa la zamu mbili zilizopita.* Liacheni. Kurudisha zamu mbili nyuma, na kadi zimeshachotwa, kunaharibu zaidi kuliko kosa lenyewe.

*Umesahau uwezo wako uliojiamsha.* Nyumbani, mkumbushane. Kwenye mashindano makali, kukumbuka wa kwako ni kazi yako, na mpinzani halazimiki kukukumbusha.

*Deki imeisha.* Hujashindwa bado. Unashindwa pale unapotakiwa kuchota na hakuna cha kuchota.

*Hakuna anayejua.* Mkiwa kwenye mashindano, simamisheni mchezo mmwite jaji kabla mtu hajagusa kadi nyingine. Mkiwa nyumbani, rusheni sarafu, malizeni mechi, kisha tafuteni jibu. Kitabu cha sheria kinapatikana bure kwenye tovuti ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa Magic, na sura zake zina namba: 117 kwa nafasi ya kujibu, 405 kwa rundo, 506 hadi 511 kwa vita, 603 kwa uwezo unaojiamsha, 613 kwa hesabu ya tabaka, 702 kwa maneno kama "trample" na "deathtouch", 704 kwa ukaguzi wa vifo. Andikeni namba ya jibu mlilolipata kwenye karatasi, muiweke ndani ya kiboksi cha deki. Swali hilo litarudi wiki ijayo.